Pedali za simyuleta ya ndege: kabla hujatoa pesa, angalia sakafu

Mtu akiniuliza siku hizi anunue pedali zipi za kurushia ndege kwenye kompyuta, mimi humuuliza kwanza sakafu yake ni ya nini. Kisha namuuliza kama kiti chake kina magurudumu. Wapo wanaodhani nawazungusha. La hasha. Pesa yangu ya kwanza iliishia kwenye pedali, na kumbe nusu ya matatizo yangu ilikuwa marumaru ya sebuleni.

Kwa asiyeyajua mambo haya: ndege ina pedali mbili miguuni pa rubani, nazo zimeunganishwa, ya kulia ikienda mbele ya kushoto inarudi nyuma. Ukisukuma ya kulia, usukani wa mkiani unageuka na pua ya ndege inaelekea kulia. Ukikanyaga sehemu ya juu ya pedali kwa vidole unapata breki, na kila gurudumu kubwa lina breki ya upande wake. Ndiyo maana ndege ndogo huweza kugeuka mahali pafinyu ikiwa chini. Nyumbani, asiye na pedali hutumia joistiki ya kuzungusha: unapindisha fimbo kwa kifundo cha mkono, na pua inafuata.

Nami nilianza hivyo, Microsoft Flight Simulator mpya ilipotoka Agosti 2020. Mwanzoni unaona inatosha. Ukizoea kidogo ndipo unagundua kwamba mkono mmoja umebebeshwa kazi ya mkono na miguu miwili. Cessna 172, ndege ndogo ya pangaboi moja, ikipewa moto wa kuruka, yaani nguvu zote za injini, pua yake inavutwa kushoto. Pangaboi lake linazunguka kisaa ukilitazama kutoka kiti cha rubani, na upepo wake unajiviringisha kwenye kiwiliwili cha ndege hadi kuupiga mkia upande wa kushoto. Dawa yake ni usukani wa kulia. Sasa jaribu kupindisha fimbo kulia bila kuilaza kulia. Mkono unasaliti, bawa linainama, unalirudisha, pua nayo imeshatoka tena kwenye mstari. Nilikuwa napaa nikiyumba njia nzima ya kurukia.

Nikaamua kununua pedali. Mwaka ule vifaa hivi vilikuwa adimu dunia nzima: watu wamefungiwa ndani na korona, programu mpya imetoka, na walanguzi wanauza kwa bei wanayotaka. Nilingoja hadi mwaka uliofuata, na kungoja huko sikujutii hata kidogo. Nikachagua za bei ya chini, za plastiki, zile zinazotelezea kwenye reli mbili kwenda mbele na nyuma. Kampuni siitaji, kwa sababu nitakayoyasema yanazihusu pedali nyingi za daraja hilo.

Kuhusu pesa niwe mkweli. Pedali zenyewe zilikuwa dola 130. Hapo ndipo hesabu ya mtu wa Dar inapoachana na ya mtu wa Ulaya. Kampuni za kusafirisha vifurushi kwa ndege hazitazami mzani peke yake. Huzidisha urefu, upana na kimo cha boksi kwa sentimita, wakagawanya kwa 5,000, na jibu likizidi kilo halisi, unalipia jibu. Boksi langu lilikuwa sentimita 45 kwa 40 kwa 25, kwa hiyo vitu vyepesi vya plastiki vikageuka kuwa kilo 9. Usafiri peke yake dola 95. Kisha forodha: VAT ya asilimia 18 haikokotolewi kwenye bei ya pedali tu, bali baada ya kujumlisha usafiri, bima na ushuru. Yaani unalipia hewa iliyomo ndani ya boksi, halafu unailipia kodi hiyo hewa. Ukiongeza ada ya kutoa mzigo, nilikuwa nimetoa zaidi ya mara mbili ya bei niliyoiona kwenye skrini. Basi kabla hujalipa, mwombe muuzaji vipimo vya boksi, usiridhike na uzito. Na ankara ieleze wazi kitu ni nini, maana ushuru hufuata kundi ambalo mzigo umewekwa, na vifaa vya kompyuta na vya michezo havitozwi sawa.

Furaha ya kufungua boksi ilidumu hadi nilipokanyaga mara ya kwanza. Pedali zilikimbilia mbele chini ya meza, na kiti, ambacho ni cha ofisi chenye magurudumu matano, kikarudi nyuma hadi kwenye kabati. Nikaweka zulia la raba chini ya pedali. Zikatulia, kiti kikaendelea kukimbia. Nikafunga mkanda kutoka mguu wa kiti hadi kwenye pedali ili vivutane. Hiyo ni mbinu nzuri kabisa na haigharimu kitu, ila kila aliyepita sebuleni alijikwaa, na mama watoto akaipiga marufuku.

Kwa kuwa sikuwa na mahali pa kuegemea, nilikuwa nasukuma kwa woga, na ndege inaitikia kidogo. Nikaona pedali hazina nguvu. Nikaingia kwenye mipangilio na kuongeza wepesi wa kuitikia hadi mwisho. Sasa ndege ikawa inarukaruka kulia na kushoto kwa kila mguso. Ningekaa wiki nzima nikisogeza vile vitelezi vya mipangilio bila kupata nafuu, kwa sababu hakuna kitelezi kinachoweza kuzuia kiti kisitembee.

Kuna mambo ya mipangilio ambayo ni ya kweli, lakini, na hayo yafanye siku ya kwanza. Ukichomeka pedali, programu mara nyingi huiacha joistiki nayo ikiendelea kuongoza usukani uleule. Vifaa viwili vinagombea mhimili mmoja, yaani njia moja ya kupeleka msogeo kwenye programu, na pua inatetemeka. Ifute kazi hiyo kwenye joistiki. Pili, ndege ikigoma kusogea hata ukiipa moto wote, angalia breki. Pedali nyingi husomeka kinyume: mguu ukiwa haujagusa, programu inaona umekanyaga hadi mwisho. Kila mhimili una alama ya kuugeuza, iweke kwenye breki zote mbili. Tatu, kwenye orodha ya misaada ya rubani kuna msaidizi anayekanyaga usukani kwa niaba yako. Mzime. Vinginevyo utakuwa unashindana naye na hutajua nani ameshinda. Na kama pedali hupotea katikati ya safari kisha kurudi, nenda kwenye mipangilio ya umeme ya Windows uizuie kompyuta isizime milango ya USB ili kubana umeme. Mimi nilishalaumu waya bure.

Aliyeninyoosha ni rafiki yangu anayerusha ndege ya abiria ya Cessna Caravan kati ya Dar na visiwani. Alikuja Jumapili moja, tukala, akaomba aone hicho ninachokipoteza usingizi. Alinitazama nikipaa mara mbili, akacheka.

"Kaka, visigino vyako viko wapi?"

Vilikuwa hewani. Nilikuwa nimezipandia pedali miguu mizima kama mtu anayekanyaga klachi ya daladala. Kwa mkao huo, vidole vilikuwa vinaminya breki kidogo kila nikisukuma usukani, na ndiyo sababu ndege yangu ilikuwa nzito kukimbia na ikivuta upande. Akaniambia nivue viatu, niweke visigino sakafuni, nisukume sehemu ya chini ya pedali kwa nusu ya mbele ya wayo. Ukitaka breki, ndipo unapandisha mguu juu. Pia miguu yote miwili ifanye kazi: mmoja unasukuma na mwingine unapinga kidogo, ili pedali isiende kwa ghafla. Halafu akanionyesha kigololi kilicho ndani ya kioo kilichopinda, chini ya saa inayoonyesha ndege inavyogeuka. "Kikienda kulia, mguu wa kulia. Kikienda kushoto, wa kushoto. Kikanyage hadi kirudi katikati." Kwa muda wote ule nilikuwa nakitazama kama pambo.

Alisema jambo jingine ambalo sikulitilia maanani siku ile: pedali zangu zilikuwa zimebanana mno. Kwenye ndege halisi miguu inaachana. Kwenye zangu magoti yalikaribia kugusana.

Wiki hiyo nikaenda kwa seremala. Tulichukua plaiwudi ya milimita 18, upana wa kutosha kubeba kiti, urefu wa kuanzia chini ya meza hadi nyuma ya kiti. Pedali tukazifunga kwa bolti zinazopenya ubao mzima, na washa pana chini yake. Kwenye sehemu ya kiti tukapigilia vipande vya mbao kuzunguka magurudumu ili yasitoke. Kabla ya kutoboa, kaa kwenye kiti, sukuma pedali moja hadi mwisho wake, hakikisha goti bado limekunjika kidogo, kisha mwambie mtu aweke alama. Ukipima ukiwa umesimama utatoboa mahali pengine kabisa. Mbao na ufundi vilinigharimu pungufu ya shilingi elfu sabini. Uzito wako mwenyewe ukiwa juu ya ubao, hakuna kinachokwenda popote, kwa sababu unasukuma kitu ulichokikalia.

Nikarudisha vitelezi vyote mahali vilipokuwa. Ndege ikanyooka. Kwa zaidi ya mwaka sikuhitaji kitu kingine, na kama bajeti yako ndiyo hiyo, unaweza kuishia hapo na ukaruka vizuri tu.

Kilichoanza kuharibika ni umeme wa pedali. Nikiwa natembeza ndege chini taratibu, pua inaruka upande yenyewe, kisha inarudi. Njia ya kujua kama ni programu au ni kifaa ni kuandika joy.cpl kwenye sehemu ya kutafutia ya Windows. Linafunguka dirisha la kujaribia vifaa vya kuchezea, na mihimili ya pedali inaonekana kama mistari. Sukuma polepole sana. Mstari unatakiwa kutambaa. Wangu ulikuwa unadundadunda karibu na katikati, mahali ambapo pedali hukaa muda mwingi.

Ndani ya pedali za bei hiyo huwa kuna potenshiometa, kitu kilekile cha kuongezea sauti ya redio: kijembe cha chuma kinachokwaruza juu ya utepe wa kaboni. Kaboni inachakaa, vumbi linaingia. Na pedali zinakaa sakafuni, ambako ufagio unapita kila asubuhi, kwenye mji wenye unyevu wa bahari. Unaweza kupuliza dawa ya kusafishia swichi, ukapata nafuu ya muda. Mimi nilifungua, nikasoma maandishi ya nyuma ya potenshiometa, B10K, nikaenda Kariakoo kwa mafundi redio. Herufi hiyo ni muhimu kuliko unavyodhani. Kwa kawaida B inabadilika kwa hatua zilizo sawa, A ni ya sauti na hubadilika taratibu mwanzoni kisha ikaruka. Ukifungiwa A, upande mmoja wa pedali utakuwa mvivu na mwingine mkali. Linganisha pia urefu wa ule mhimili mdogo na umbo la ncha yake. Bei ni ya elfu kadhaa. Tangu siku hiyo nafunika pedali kwa khanga kuukuu nikimaliza.

Basi kwa nini nilipandisha daraja, ikiwa zinatengenezeka? Kwa sababu ya reli. Pedali inayoteleza kwenye reli ina ubishi wa mwanzo: unasukuma kidogo, haisogei, unaongeza, inachomoka na kupitiliza. Kupaa si shida, maana huko unasukuma sana. Shida iko kwenye kutua, unapotaka nusu sentimita tu, kisha nusu nyingine kurudi. Grisi ya kulainishia plastiki husaidia, ila haikuondolei tatizo. Ukiongeza na zile nafasi zilizobanana, mguu mmoja ukawa unausukuma mwenzake, nikajua nimefika ukingoni mwa kifaa.

Safari hii nilijua natafuta nini. Kihisi cha sumaku badala ya potenshiometa, maana sumaku inapita mbele ya kihisi bila kukigusa, hakuna cha kuchakaa. Pedali zinazoning'inia au kuzunguka kwenye beringi, zisizo na reli. Nafasi ya kutosha kati ya miguu. Breki za vidole, kwa sababu narusha ndege za kiraia. Hili la breki liangalie sana: kampuni ya VKB ina pedali za T-Rudder ambazo haina breki za vidole kwa makusudi, na kwa mtu wa ndege za kivita za zamani kama Spitfire, ambayo breki yake ni lever ya mkononi, hiyo si kasoro hata kidogo. Kwangu ingekuwa hasara. Thrustmaster TPR zinaning'inia kama bembea na zina vihisi vya sumaku, lakini zina uzito wa kilo 7 na bei yake ilinizidi. Nikaangukia MFG Crosswind, zinazotengenezwa Kroatia.

Kwa hesabu ya boksi niliyokwisha kuieleza, sikutaka kurudi kwenye vifurushi. Shemeji yangu anaishi Ujerumani na alikuwa anakuja likizo. Nikanunua, zikapelekwa kwake, akazifungua na kuzipanga kwenye begi la kilo 23 katikati ya nguo. Alinipigia simu kuuliza kama nina hakika hiki ni kifaa cha kompyuta maana kinafanana na sehemu ya baiskeli. Nilimtumia risiti, akaionyesha uwanjani, tukalipa kilichotakiwa. Bado ilikuwa pesa nzito, zaidi ya mara tatu ya bei ya zile za plastiki, na kwa siku kadhaa nilikuwa nikizitazama nikifikiria ada za shule.

Na siku ya kwanza niliruka vibaya kuliko zamani. Miguu ilikuwa imezoea kupambana na reli, sasa hakuna reli, kila msukumo unazidi. Pia nilikuwa nimesahau kwamba kwenye zile za zamani nilitenga sehemu kubwa katikati isiyohisi kitu, ili kuficha ule mdundo. Mipangilio hiyo ilirithiwa na pedali mpya. Futa kila kitu, anza na mstari wa kuitikia ulionyooka, bila sehemu isiyohisi, na uruke hivyo kwa muda kabla ya kugusa chochote. Jambo jingine: pedali hizi zina kipande kilichochongwa ambacho springi hukikandamiza, na kinabadilishwa. Kilichofungwa kilikuwa na bonde la wazi katikati, mguu unalisikia kila unapolivuka. Nilipoweka kingine chenye bonde dogo, nikaweza kuvuka katikati bila kuruka. Badilisha hicho kabla hujakimbilia kununua springi.

Nilipojua pesa haikupotea ni wakati wa kusi. Uwanja wa Zanzibar una njia moja ya kurukia, 18 na 36 (yaani nyuzi 180 na 360 za dira), kusini kwa kaskazini, na kusi huja kutoka kusini mashariki. Ukitua 18 huku upepo ukitoka nyuzi 140 kwa kasi ya noti 15 (maili za baharini kwa saa), karibu noti 10 zinakupiga ubavuni kutoka kushoto. Kitabu cha Cessna 172S kinataja noti 15 za ubavuni kama kiwango kilichoonyeshwa wakati wa majaribio, kwa hiyo 10 si mchezo kwa mwanafunzi. Unakuja pua ikiwa imeelekezwa kushoto, upeponi, ndege inakwenda kimshazari. Karibu na ardhi unasukuma mguu wa kulia polepole hadi pua ilingane na mstari, huku bawa la kushoto umelishusha kidogo ili upepo usikubebe. Neno zima liko kwenye "polepole". Kwenye reli nilikuwa nagonga ardhi kabla pua haijanyooka, au naipitiliza. Dar nako, njia kubwa ya 05 na 23 hupokea kaskazi karibu usoni, lakini kusi huikata ubavuni kabisa. Mtu wa pwani aliye na simyuleta yenye hali ya hewa halisi ana uwanja wa mazoezi wa bure kuanzia Mei.

Si kila mtu anahitaji haya. Kama wewe ni mtu wa Airbus A320 tu, ndege inajipanga yenyewe ikigeuka angani. Utaigusa pedali kwenye kupaa, kwenye kutua, na siku injini moja ikizimika. Zile za plastiki juu ya ubao zinakutosha, na pesa iliyobaki nunua skrini. Helikopta ni kesi nyingine: huko miguu haipumziki, na springi ya kurudisha katikati inakuwa adui, maana helikopta haina katikati. Ukitaka kwenda huko, tafuta pedali ambazo springi yake inatoka kwa urahisi.

Ukinunua zilizotumika, nenda na laptopu yako hadi kwa muuzaji. Chomeka, fungua joy.cpl, sukuma kila upande taratibu kuanzia mwanzo hadi mwisho, kisha breki moja moja. Tikisa waya pale unapoingia kwenye kifaa. Achia pedali, uone kama mstari unarudi mahali palepale kila mara. Mstari ukidundadunda kidogo, potenshiometa inabadilishika, kwa hiyo kata gharama hiyo kwenye bei. Ila kama pedali yenyewe inacheza upande kwa upande ukiishika kwa mkono, plastiki imekwisha kuliwa, mshukuru mwenyeji kwa chai uondoke.